Miguu ya Gramafoni na Hakiki Isiyoweza Kukosea

Naanza na dai lenyewe, ili asiyekubali ajue mapema pa kunipiga. Hakiki nyingi za vifaa vya muziki vya nyumbani, hasa za ile miguu inayowekwa chini ya gramafoni na amplifaya ili kuzuia mtetemo, si hakiki. Ni sifa za kumtuza bwana harusi. Na sisi wa upande wa vitabu tusiwacheke hao jamaa, kwa sababu tunaandika vilevile, tena wengi wetu bila hata kulipwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia kwenye ulevi huu, nieleze kidogo. Mpenzi wa muziki ananunua gramafoni, amplifaya na spika. Akishamaliza anaambiwa kazi bado, nyumba inatetemeka. Lori likipita barabarani, jokofu likiwaka, jirani wa juu akitwanga kisamvu, hata besi ya spika zake mwenyewe, vyote vinapita sakafuni, vinapanda kwenye kabati na kuingia kwenye chombo. Basi anatakiwa kununua miguu. Ipo ya mpira laini, ipo ya springi ndani ya kikombe cha alumini, ipo ya gololi zinazobiringika kwenye kisahani, na ipo ya chuma yenye ncha kama msumari. Bei inaanzia ya soda na kuishia ya pikipiki.

Wapo watakaokatiza hapa hapa na kusema yote hayo ni utapeli. Hao nao siko nao. Mtetemo ni kitu cha kweli kabisa. Kazi ya sindano ya gramafoni ni kusoma mtetemo, na haina namna ya kujua kama mtetemo huo umetoka kwenye mfereji wa santuri au kwenye mguu wa kabati. Sauti ndogo kabisa zilizochongwa kwenye mfereji huo husogeza sindano kwa umbali mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Anayedhani hatua za mtu mzima kwenye sakafu ya mbao hazifikii kipimo hicho, aweke santuri na aruke mara moja tu.

Wanasayansi wamepigana na adui huyuhuyu kwa muda mrefu. Mwaka 1881 Albert Michelson alijaribu kupima tofauti za mwendo wa mwanga mjini Berlin, magari ya farasi ya mtaani yakamvuruga, ikabidi ahamishie chombo chake Potsdam. Alipokuja kurudia jaribio hilo na Edward Morley huko Cleveland, Marekani, mwaka 1887, walikiweka chombo juu ya jiwe kubwa lililoelea kwenye zebaki. Vioo vya kituo cha LIGO, vilivyonasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2015, kila kimoja kina kilo 40 na kimening'inizwa kwa ngazi nne za pendulumu ili ardhi isikitikise. Mtu akikuambia kuzuia mtetemo ni ushirikina, mwambie akawaambie hao.

Hata kwenye gramafoni zenyewe jambo hili lilishafanyiwa kazi nzuri. Mwaka 1961 kampuni ya Acoustic Research, chini ya Edgar Villchur, ilitoa gramafoni ambayo sahani na mkono wa sindano vimefungwa kwenye chuma kimoja, na chuma hicho kinaning'inia kwa springi tatu. Ukigonga ubao wa nje, sahani na sindano vinacheza pamoja, kwa hiyo sindano haisikii kitu. Bei yake haikufika dola 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Glasgow ikaja na Sondek LP12 iliyofuata njia hiyohiyo ya springi tatu. Wazo lilikuwa la kihandisi, likaelezwa kihandisi, na likaweza kupimwa kwa kugonga meza.

Hesabu yake wala haihitaji digrii. Kila kitu kizito kilichokaa juu ya kitu laini kina mwendo wake wa kucheza, idadi ya mara kinapanda na kushuka kwa sekunde kikishtuliwa. Mtetemo unaozidi mwendo huo mara 1.4 na kuendelea ndio unaoanza kupungua. Ukizidi mara tatu, kinachopita ni kama sehemu moja ya nane. Lakini mtetemo ulio karibu na mwendo huo haupungui, unaongezeka. Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaiandiki kwenye boksi. Mguu laini ukikaa vibaya ni kipaza mtetemo.

Tena unaweza kukisia mwendo huo kwa rula. Angalia mguu umebonyea kiasi gani baada ya kubebeshwa mzigo. Ukibonyea milimita 25, chombo kitacheza takriban mara 3 kwa sekunde. Ukibonyea milimita 1, kitacheza takriban mara 16, na kwa mpira huwa juu zaidi ya hapo. Maana yake kile kipande cha mpira kigumu kinachouzwa kwa laki kadhaa, ambacho hakibonyei hata ukikikalia, kwa mitetemo ya chini ya nyumba hakifanyi lolote. Na mkono wa sindano nao una mwendo wake, ambao mafundi hupenda uwe kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Ukinunua mguu unaocheza mara 10 kwa sekunde, umewakutanisha walevi wawili kwenye mlango mmoja.

Nimefanya majaribio hayo nyumbani kwangu kwa miezi kadhaa. Gramafoni yangu ni ya zamani, inakaa juu ya kabati la mninga, ghorofa ya pili. Njia ni rahisi. Unazima mota, unashusha sindano kwenye santuri iliyosimama, unafungua sauti kwa kiasi unachosikilizia siku zote, kisha unagonga kabati kwa kifundo cha kidole na kurekodi kinachotoka. Nilijaribu miguu yake ya asili. Nilijaribu vipande vya ndala, kwa sababu mtaani kwetu jenereta zote zinakaa juu ya ndala. Nilijaribu mipira ya skwoshi iliyokatwa katikati na kufunikwa juu ya vifuniko vya chupa. Nilijaribu springi nilizochukua kwa fundi wa magodoro.

Ndala hazikubadilisha chochote nilichoweza kukisikia wala kukiona kwenye rekodi. Mipira ya skwoshi ilipunguza ule mgongo wa "du!" waziwazi. Springi zilimaliza kabisa mgongo wa kidole, lakini mtoto akikimbia koridoni gramafoni ilianza kunesa kama daladala yenye shokapu mbovu na sindano ikaruka. Kilichoshinda vyote ni rafu niliyoipigilia kwenye ukuta wa tofali, kwa sababu ukuta hautembewi. Na kabla ya rafu, badiliko kubwa kuliko yote halikunigharimu hata shilingi: niliziondoa spika juu ya lile kabati.

Sasa nenda kasome hakiki. Utakuta mguu wa mpira unasifiwa kwamba "umefungua jukwaa", "umeondoa pazia", "umetoa weusi kati ya nota", "besi imepata nidhamu". Funga ukurasa, fungua hakiki ya mguu wa chuma wenye ncha. Umefungua jukwaa. Umeondoa pazia. Weusi upo. Nidhamu ipo. Kumbuka vifaa hivi viwili vinafanya kazi kinyume. Wa mpira unatenganisha chombo na sakafu. Wa ncha unakikaza kwenye sakafu. Kama kutenganisha kunaleta raha hiyo, kukaza kungepaswa kuleta karaha, au angalau kitu kingine. Dawa mbili zinazopingana haziwezi kuponya ugonjwa uleule kwa dalili zilezile, ila kama mgonjwa hakuwa mgonjwa au daktari hakumwangalia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Simlaumu muuzaji; chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye anakitembeza. Namlaumu anayejiita mhakiki. Yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kusikiliza kwa niaba yetu. Badala yake ameandika maneno ambayo hakuna tukio lolote duniani linaloweza kuyakanusha. Ukisema hukusikia tofauti, anakujibu kwamba masikio yako hayajafundishwa, au chombo chako ni cha bei ya chini kiasi kwamba hakiwezi kuionyesha. Ukisikia, umethibitisha. Hakuna mlango wa yeye kutokea akiwa ameshindwa.

Njia ya kumtoa ipo, tena ni ya shuka. Jamaa mmoja aliniazima seti ya miguu ya bei kali ya kuweka chini ya amplifaya. Amplifaya yangu ni ya transista. Kwa zile za valvu ningekuwa mpole, maana valvu inaweza kweli kulia ukiigonga. Nikamwomba binamu yangu arushe sarafu, aiweke miguu au aiondoe kulingana na sarafu, afunike kwa shuka, kisha aondoke chumbani kabla sijaingia. Mara 12. Kabla ya kuanza nilikuwa nimeshasikiliza bila shuka na nilihisi tofauti, sitaki kuificha hisia hiyo, ilikuwa tamu. Kwa shuka nilipatia mara 7. Ukimpa mtu sarafu arushe mara 12 na kubahatisha tu, katika kila raundi 100 za namna hiyo atapatia mara 7 au zaidi karibu katika raundi 39. Kwa hiyo mara 7 si ushahidi wa kitu. Haijathibitisha kwamba miguu haifanyi kazi. Imeonyesha kwamba mimi siwezi kuandika sentensi hata moja kuihusu.

Na bado mhakiki anaandika kurasa tatu. Wengine wanasifia miguu chini ya vicheza CD, wakati data za CD tangu mwaka 1982 zinalindwa kwa hesabu za kusahihisha makosa zilizobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Namba ama imesomeka, ama imesahihishwa, ama imekosekana na chombo kikaziba pengo kwa kukisia, au muziki ukakatika. Haipo namba iliyosomeka kwa huzuni.

Utaniuliza, kuna ubaya gani mtu akitumia pesa yake kujifurahisha? Nikuambie ubaya. Jamaa yangu mmoja wa Tanga alirithi santuri za baba yake, za taarabu na za dansi, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Baadhi sijawahi kuziona popote pengine. Alisoma hakiki, akanunua miguu minne kwa zaidi ya laki nane. Nilimwambia aanze na sindano, maana ya kwake ilikuwa na miaka hata yeye haikumbuki, na almasi ya sindano hulika baada ya mamia ya saa mpaka ikawa na makali. Akaniambia, "Kaka, sindano nitanunua mwezi ujao. Sikiliza kwanza hii pumzi ya mwimbaji." Alikuwa anaisikia kweli, kwa sababu alikuwa ameisoma. Sindano yake chakavu ikaendelea kuchonga mfereji usiku kucha kwa miezi. Leo santuri hizo kila penye "s" zinachacharika kama mafuta ya kukaangia. Mfereji ukishakwanguliwa haurudi. Hakuna mguu wala fundi wala programu ya kompyuta itakayorudisha kilichokatwa.

Santuri za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia mwaka 1928, zinahitaji sindano yenye ncha pana kama mara nne ya sindano ya santuri za baadaye. Ukitumia nyembamba inatambaa chini ya mfereji, kwenye uchafu. Hilo ndilo jambo la kuandikia kurasa tatu. Halina mashairi, lakini linaokoa sauti ya mtu. Mhakiki aliyejaza nafasi kwa "pazia" na "weusi" amechukua mahali pa sentensi ambayo ingemfikia jamaa yangu kwa wakati. Ndiyo maana nasema maneno matupu si burudani isiyo na madhara. Debe tupu likivuma, mwenye habari hasikiki.

Sasa tugeuke huku kwetu. Chukua hakiki kumi za riwaya za Kiswahili zilizoandikwa mitandaoni, yangu mojawapo ukitaka. Hesabu mara ngapi utakutana na "kazi iliyosukwa kwa ustadi", "lugha nyepesi yenye kina", "wahusika walio hai", "inaakisi jamii yetu". Halafu fanya jaribio la shuka. Funika jina la kitabu na la mwandishi, umpe rafiki asome hakiki, umuulize ni kitabu gani. Akishindwa, umeandika hakiki ya mguu wa mpira. Inakaa chini ya chombo chochote. Ukiweka riwaya ya upelelezi inafaa, ukiweka tamthilia ya kishairi inafaa, ukiweka kitabu ambacho hujakisoma inafaa zaidi.

Na yule jibu la masikio yasiyofundishwa, kwetu lipo pia. Msomaji akisema sura ya katikati ilimchosha, anaambiwa hajaielewa, asome kwanza nadharia fulani. Anaona aibu, ananyamaza, na siku nyingine anapigia makofi pale wenzake wanapopiga. Tunalalamika kwamba watu hawasomi. Nani anasoma mahali anapoambiwa macho yake mwenyewe yanamdanganya?

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Waweza kuzikataa sheria zake, wengi wamezikataa, lakini vina vinaonekana na mizani inahesabika kwa vidole. Akikuambia shairi hili limepungukiwa, unahesabu, na kama amekosea mtaa mzima unajua amekosea. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, ugomvi ukawaka kwa miaka. Ulikuwa ugomvi mzuri, kwa sababu kila upande ulisema kitu ambacho upande wa pili ungeweza kukipinga kwa kunyoosha kidole kwenye mstari. Leo ugomvi umepoa. Haujapoa kwa sababu tumekubaliana. Hakuna tena anayesema kitu cha kupingwa.

Najua pingamizi linalokuja: muziki ni hisia, fasihi ni hisia, na hisia haipimwi kwa shuka na sarafu. Nakubali nusu. Sijasema hisia ipimwe. Kama umesoma ukurasa ukalia, umelia, hakuna wa kukukanusha. Lakini mhakiki hasemi "nililia". Anasema kitabu ndicho kilichosababisha, na kwamba nami nikinunua kitaniliza. Hapo ametoka kwenye moyo wake akaingia kwenye mfuko wangu, na huku kwenye mfuko wangu kuna maswali. Ni ukurasa upi? Neno gani? Lingebadilishwa, ungelia bado? Tena mtu anayeheshimu hisia zake ndiye anayepaswa kuzilinda zaidi zisichanganywe na bei, na jina la mchapishaji, na urafiki wa mwandishi. Shuka la binamu yangu halikutukana masikio yangu. Liliyaondolea kelele.

Wengine watasema ukali huu utawavunja moyo waandishi wetu, ambao hata sasa hawauzi. Jamani, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi anayesifiwa kwa maneno yaleyale anayosifiwa jirani yake hajui hata amefanya nini kizuri ili akifanye tena. Sifa ya kweli inamwonyesha mahali. "Ile aya ambapo mama anahesabu sahani badala ya kujibu swali" ni sifa. "Wahusika walio hai" ni mguu.

Kwa hiyo natoa masharti, na nitayatumia kwa kila hakiki nitakayosoma hapa, ya rafiki na ya asiye rafiki. Kwanza, taja mahali: ukurasa, tukio, sentensi, au kwa wale wa muziki, santuri na dakika. Pili, sema kitu ambacho mwingine akienda kukiangalia anaweza kurudi na kusema umekosea. Tatu, taja ulipata wapi kitu hicho na kwa bei gani, maana cha bure kina ladha yake. Nne, kabla ya kusifia mguu, angalia sindano: kabla ya kusifia falsafa ya riwaya, tuambie kama mwandishi anajua kuandika mazungumzo ya watu wawili bila kila mmoja kuhutubia.

Asiyekubali, sanduku la maoni liko wazi. Ila aje na ukurasa.